Kamati ya Mtihani Safi

Jumatatu, 24 Machi (mwezi 23 Ramadhani)

Tangazo limebandikwa. Mtihani wa marudio wa Takwimu ni siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu. Jina langu la pili kutoka juu: Mmanga Bakar. La kwanza ni la Kheir, ambaye meza yake ofisini inagusana na yangu. Yeye alifeli kwa alama thelathini na moja. Mimi kwa ishirini na nane. Tangu asubuhi ananitazama kama mtu aliyefaulu.

Niiandike hali ilivyo mara moja, nisirudie. Nna miaka arubaini na tatu. Ni karani. Nasoma shahada jioni, mwaka wa tatu huu. Takwimu nimeifeli mara mbili, na sapu hii, yaani marudio haya, ndiyo ya mwisho. Nikianguka nadisko, kama wanavyosema vijana: jina linafutwa na jioni zote zile zimekwenda na maji. Mama yangu, Bi Mize, ameweka nadhiri ya kusoma maulidi siku nitakayovaa joho. Kanga za sare ameshanunua, zambarau na nyeupe. Kikwajuni nzima inazijua.

Lakini mtihani siibi. Hilo nimeliapia. Nitafaulu kwa haki, na wenzangu nitawafaulisha kwa haki. Kwa hiyo leo baada ya adhuhuri nimeunda Kamati ya Mtihani Safi. Wajumbe wanne: mimi, Kheir, na vijana wawili wenye sapu hiyo hiyo, Haitham anayetembeza wageni Mji Mkongwe na Thuwaiba anayefundisha watoto wa maandalizi. Kheir alitaka mwenyekiti awe mwenye alama nyingi. Nikamwambia uongozi hautazami alama, unatazama umri. Nimemzidi miezi minne.

Thuwaiba aliuliza tunaanza lini kusoma. Nikamjibu kwanza katiba.

Jumanne, 25 Machi

Katiba tayari. Kurasa sita. Ibara ya kwanza inakataza vikaratasi vya kuingia navyo mtihanini, kuchungulia kwa jirani, na karatasi zilizovuja. Ibara ya pili mpaka ya kumi na tisa zinahusu mwenyekiti.

Baada ya katiba, ratiba. Hapa najipongeza. Mada zilizobaki ni tano, na kila siku mada moja kuanzia Alhamisi. Ile ngumu kuliko zote, ya mtawanyiko, nimeiweka Jumatatu tarehe 31. Siku hiyo itakuwa mwezi thelathini, siku ya mwisho ya kufunga, ofisini nimeshaomba ruhusa. Kimya kitupu. Jumanne Idi mosi, Jumatano Idi pili, Alhamisi mtihani.

Nimejuaje kuwa mfungo utatimia thelathini? Kwa Takwimu yenyewe. Ramadhani tano zilizopita: 29, 30, 30, 29, 30. Jumla 148. Gawa kwa tano unapata 29.6. Ikadirie kwa namba nzima: thelathini. Watu wanapanda majumba kutazama angani, mimi nimeupata mwezi kwa kalamu.

Nilimwonyesha binti yangu Yusra. Yumo mwaka wa kwanza chuo hicho hicho, na Takwimu alifaulu mara ya kwanza kwa A, jambo ambalo hapa nyumbani hatulizungumzi wakati wa futari. Aliisoma ratiba, akasema kwa adabu zake kuwa, baba, wastani hausemi mwezi wa mwaka huu utakuwaje. Nikamwambia hiyo ni saumu inasema. Akaikunja ratiba, akaenda jikoni.

Alhamisi, 27 Machi

Muhuri umetoka kwa fundi wa Darajani. Mviringo, jina la kamati pembeni, kalamu katikati. Wino haukauki. Mikono yangu ni zambarau, na mama amefurahi akidhani nimeshaanza kuvaa sare.

Leo mada ya kwanza. Nilikuwa na mbinu. Sote tulipokuwa wadogo tulisoma Kurani chuoni kwa maalim, tumekaa kitako, tunaitikia kwa sauti moja, na tulichokisoma hatujakisahau. Kanuni za Takwimu nazo kwa nini zisisomwe hivyo? Baada ya alasiri nikatandika mikeka barazani. Mimi naanzisha, kamati inaitikia. Jumlisha zote, gawa kwa idadi. Jumlisha zote, gawa kwa idadi. Vichwa vinakwenda mbele na nyuma. Hata Kheir alinogewa.

Tukiwa katikati, Mzee Amour wa nyumba ya pili alikuja, akavua viatu, akakaa. Nikafurahi, nikadhani amependa elimu. Akaja mwengine, na mwengine. Mama mmoja akaleta sahani ya tende. Ndani nikasikia mtu anamuuliza Zeyana, mke wangu, marehemu ni nani. Walidhani ni khitma.

Nilitaka kueleza, lakini Mzee Amour alishanyanyua mikono. Aliniomba kwa sauti ya huruma nimtaje tunayemuombea. Watu kumi na moja wananitazama. Sikuweza kusema ni wastani. Nikamtaja babu yangu, aliyefariki mwaka wa sabini na tisa. Tukamuombea sana. Mzee Amour alilia kidogo, walikuwa wanajuana.

Khitma haivunjwi watu wakaondoka bila ya kitu, na magharibi ilikuwa mlangoni. Zeyana alifuturisha watu kumi na moja kwa chungu cha watu sita. Mimi nimefuturu kwa maji na tende mbili. Hajasema nami mpaka sasa.

Ijumaa, 28 Machi

Kheir hakutokea. Ameleta ujumbe kuwa anakwenda kusomea kwa dada yake Fumba, kwenye nyumba zile mpya, kuna utulivu. Huku ni kujitenga. Nimemwandikia barua ya onyo nikaigonga muhuri. Haitham na Thuwaiba nao wameomba radhi, kila mmoja ana udhuru. Mada ya pili nimeisoma peke yangu, nikasinzia, nikaamkia ukurasa wa tatu.

Baada ya sala ya Ijumaa, Darajani, jamaa nisiyemjua akanisogelea. Ana bahasha. Alisema ndani mna karatasi yenyewe ya Takwimu, ya sapu hii hii, na kwamba kwa kuwa naonekana mtu mzima atanifanyia wepesi.

Humu sidanganyi. Mkono ulinyooka. Nilimuona mama na kanga zake, nikaliona joho, nikamuona Kheir akilisoma jina langu ubaoni. Kisha nikaikumbuka ibara ya kwanza, niliyoiandika mwenyewe. Nikajiambia naichukua kwa ajili ya ushahidi. Nikailipia. Nilipofika nyumbani nikaifunga kwa gundi na kuigonga muhuri pembe zote nne, isifunguke bila ya kamati kujua. Ipo juu ya kabati.

Wakati wa futari nimeitazama mara tisa. Yusra aliuliza kuna nini kabatini. Nikasema buibui.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi nimeipeleka bahasha kwa Bi Ummukulthum, mwalimu wa somo. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikamsomea taarifa niliyoiandika, kurasa tatu, ya namna kamati ilivyomnasa mhalifu.

Aliipasua mbele yangu. Akatazama, akavua miwani. Alisema huu ni mtihani wa mwaka juzi. Upo maktaba, rafu ya mlangoni, pamoja na ya miaka kumi iliyopita, na kila mwanafunzi anaruhusiwa kuisoma bure. Wanaiweka pale makusudi ili watu wafanye mazoezi. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao ni mbaya kuliko ukali, kama nimewahi kuingia maktaba. Nikamwambia naijua, ipo karibu na mkahawa.

Hakucheka. Alinikalisha akanieleza kama anayemueleza mtoto. Chukua mitihani ya nyuma. Weka saa mbele yako, funga kitabu, fanya kama uko ukumbini. Ulipokosea ndipo pa kusoma. Na swali likitaka mfano, usinipe wa kitabuni, nipe wa maisha yako, hapo ndipo ninapojua nani ameelewa na nani amekariri. Alisema hiyo ndiyo siri yote na haiuzwi.

Nikateremka maktaba. Nikakuta daftari la kutia saini. Saini ya Kheir. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku, saa ile ile anayoniaga ofisini kuwa anakwenda kusali alasiri. Usaliti mtupu. Nilipomaliza kuandika barua ya onyo ya pili, maktaba ikafungwa, Ramadhani wanafunga mapema. Si kitu. Mitihani hiyo nitaichukua Jumatatu, siku yangu ya kimya.

Jumapili, 30 Machi

Mada tatu bado. Sina wasiwasi. Mbingu imejaa mawingu tangu alasiri. Nilikaa barazani nimestarehe, nikawaambia majirani wasijisumbue kutazama, kesho tunafunga. Mzee Amour aliuliza nimejuaje. Nikamtolea hesabu. Akasema elimu ni kitu kikubwa.

Baada ya magharibi redio ikatangaza. Mwezi umeandama.

Watoto wakatoka mbio mtaani wanapiga kelele. Wanawake wanapongezana madirishani. Mzee Amour alinishika mkono akanipa pole, mbele za watu, kama mtu aliyefiwa mara ya pili wiki hii. Kesho Idi. Siku ya kimya hakuna. Maktaba imefungwa. Mtihani si Alhamisi tena, ni Jumatano. Nilimwambia Zeyana kuwa huu ni msiba. Akanijibu kuwa mwenye kuhuzunika mwezi ukiandama ana kazi kubwa na Mola wake, na kwa kuwa mwezi haurudi, nimsaidie kufinyanga vileja, biskuti za sikukuu. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu khitma. Nilifinyanga sinia zima kwa huzuni. Vyengine vikubwa kama kofia, vyengine kama vifungo.

Kheir akapiga simu. Idi mubarak, mwenyekiti. Akanieleza kuwa Fumba mawingu yalifunguka dakika chache tu, na yeye alikuwa ufukweni, na mwezi kauona kwa macho yake mawili. Ametoa na ushahidi kwa sheha, mkuu wa mtaa.

Kati ya watu wote wa kisiwa hiki.

Jumatatu, 31 Machi (Idi mosi)

Sala. Kanzu mpya. Wageni tangu saa moja. Kila mtoto wa Kikwajuni amekuja kudai sikukuu yake, na wengine nahisi wametoka Jang'ombe. Nilijaribu kusomea juu ya paa, kuna watu wanaanika. Nilijaribu chumbani, wamelazwa watoto wa shemeji.

Alasiri mama akaniita. Nikaitika naam, nikaenda. Alikuwa na doti moja ya sare mkononi. Aliitandaza mabegani mwangu kuona joho litakaaje, na alikuwa anacheka, halafu akaacha kucheka. Alinieleza kitu ambacho miaka arubaini na tatu hajanieleza. Alitolewa skuli akiwa darasa la tano, siku mbili kabla ya mtihani, akaozwa. Kalamu zake alishazichonga. Mpaka leo hajui kama angefaulu. Akasema nnakwenda kumfanyia yeye pia, na kwamba nisiogope, hata nikifeli kanga zinavalika.

Niliingia chooni nikakaa huko mpaka wageni wakagonga.

Sijasoma neno. Sijui mtawanyiko ni nini. Keshokutwa nadisko.

Jumanne, 1 Aprili (Idi pili)

Nimefanya jambo zito. Nimemuomba mwanangu anifundishe.

Yusra alishavaa, anakwenda viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja na wenziwe, hina mpaka viwikoni. Nilisimama mlangoni nikakohoa. Nikasema nataka kuhakiki mambo mawili matatu. Hakusema nilikwambia. Alivua baibui, akawapigia wenziwe kuwa haendi, akaniongoza jikoni.

Jikoni nikamkuta Haitham amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi na Thuwaiba kwenye ndoo, wana madaftari, wanamalizia mtihani aliowaachia. Kumbe wanakuja tangu Jumanne iliyopita, kwa mlango wa uani, kila siku. Yusra anawafanyisha mitihani ya nyuma kwa saa ya ukutani na kuwaonyesha walipokosea. Udhuru wao wote ulikuwa nyumbani kwangu. Nilitafuta ibara ya kuwahukumu, sikuipata.

Yusra akaweka masinia mawili ya vileja mbele yangu. Moja alilofinyanga mama yake, vyote sawa. Jengine langu la usiku wa mwezi. Akaleta mizani ya unga, akanipimisha kimoja kimoja, tukapiga wastani. Sinia la Zeyana, gramu ishirini. Sinia langu, gramu ishirini. Nikasema unaona, tuko sawa mimi na mama yako. Akaniuliza: baba, ukifumba macho ukachukua kimoja, katika sinia gani unajua utakachopata?

Nilitazama masinia. Vile vikofia na vifungo vyangu. Na nikaelewa. Miaka mitatu sikuelewa, na leo nimeelewa kwa vileja. Mtawanyiko ni huo, umbali wa kila kimoja na wastani wake. Sikutaka watu waone macho yangu, nikasema moshi.

Tulikaa mpaka magharibi. Nilifanya mitihani miwili ya nyuma. Wa kwanza nilipata thelathini na tatu. Wa pili thelathini na nane. Kufaulu ni arubaini. Hina yake yote imejaa unga.

Jumatano, 2 Aprili

Mtihani umekwisha. Niandike kabla sijasahau.

Mama aliniamsha alfajiri. Alikuwa amechonga penseli tatu. Mtihani tunaufanya kwa kalamu ya wino, lakini nimezichukua.

Ukumbini nimekaa nyuma ya Kheir. Swali la kwanza nusu. La pili sitaki kulizungumza. La tatu linasema: eleza, kwa mfano wako mwenyewe, kwa nini wastani peke yake hautoshi kutabiri tukio moja.

Nilicheka kwa sauti. Msimamizi alinitazama. Nikaandika kurasa mbili na nusu. Niliandika yote: Ramadhani tano, 148, 29.6, ratiba, mawingu, Mzee Amour kunipa pole. Nikaandika kuwa miezi ile mitano hakuna hata mmoja uliokuwa na siku 29.6, na kwamba mwenye kutabiri hivi ni mjinga, naye ni mimi. Nikamalizia kwa vileja.

Katikati ya swali la nne kikokotoo cha Kheir kikazima. Aliinua mkono, msimamizi hana cha akiba. Mimi ninacho cha pili, cha Yusra. Nilikaa nacho dakika nzima. Niliufikiria mwezi wa Fumba. Kisha nikampa msimamizi ampelekee. Kamati ni kamati.

Kheir aligeuka mara moja akaitikia kwa kichwa. Msimamizi akamkemea asigeuke, na sikufurahi sana.

Alhamisi, 24 Aprili

Matokeo. Thuwaiba sabini na moja. Kheir sitini na saba. Haitham hamsini na nane. Mimi arubaini na tatu.

Nimefaulu. Nimeisoma namba hiyo ubaoni mara sita. Ni umri wangu vile vile, kila mwaka alama moja. Kheir alinishika bega akasema hongera, mwenyekiti, na kikokotoo amekirudisha na betri mpya.

Mama nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia. Aliniuliza ni ngapi, nikamwambia, akaniuliza tena. Akaweka ungo chini. Akasema basi tumefaulu. Akarudia polepole, tumefaulu, kisha akaingia ndani kuzitoa zile kanga, na hakutoka kwa muda. Mimi nilibaki uani nimeshika penseli tatu, nikaupepeta mchele uliobaki, vibaya.

Jioni Bi Ummukulthum alinisimamisha ngazini. Alisema amesahihisha miaka kumi na tano, hajawahi kucheka kama alivyocheka kwenye swali langu la tatu. Alama zote amenipa, na bila ya hizo nisingevuka. Akasema ana hakika mtu aliyeandika vile kosa hilo hatalirudia maisha yake. Nikamwambia wallahi.

Sasa niandike na ya kamati. Wastani wa alama zetu wanne ni 59.75. Ikadirie, sitini. Kwa hiyo kamati ni ya alama sitini, na mwenyekiti wake ni mtu wa sitini. Nimeiandika taarifa hiyo vizuri, itakwenda kwa uongozi wa chuo. Nimeshukuru ndani yake katiba, muhuri na ratiba. Yusra nimemtaja katika wahudumu.

Limebaki jambo moja kabla ya joho: kuutetea utafiti wetu mbele ya waalimu. Tangazo limetoka leo. Siku ya kwanza ya kazi baada ya Idi Kubwa. Nimekaa hapo hapo nikapanga ratiba mpya. Sura sita. Ile ngumu nimeiweka siku ya thelathini ya Mfunguo Pili, mwezi unaotangulia ule wa Idi Kubwa, ambayo itakuwa kimya. Nimepiga wastani wa Mfunguo Pili tano zilizopita nikapata 29.6. Thelathini. Nimegonga muhuri.

Nilimwonyesha Yusra. Aliisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akaenda kumuuliza mama yake kama unga wa vileja umebaki.